Uliza Tukujibu: Jina Sio, Wimbo Sio, Raundi Nazo Zimezidi

Tangu tuguse habari ya maandalizi ya AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, itakayochezwa Kenya, Uganda na Tanzania, sanduku la maswali limejaa mambo ya waandaaji kuboronga, na wengi wenu mmeikomalia Olimpiki. Haya, leo tunamwaga yote, tumechagua sita.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi na shemeji tumebishana mpaka tumenuniana. Mi nasema Paris waliitangaza Korea Kusini kuwa ni Korea Kaskazini mbele ya dunia nzima, yeye anasema huo ni uzushi wa WhatsApp. Tumewekeana kreti ya soda. Nani analipa? – Mbishi, Mwanza

JIBU: Shemeji atoe soda, tena za baridi. Ilikuwa usiku wa ufunguzi, tarehe 26 Julai 2024, timu zinapita kwa boti kwenye mto Seine na mvua inawanyeshea wote bila kuchagua, ikafika boti ya Korea Kusini, mtangazaji wa Kifaransa akasoma Jamhuri ya Kidemokrasia ya Watu wa Korea, ambalo ndo jina rasmi la wale wa Kaskazini, akaja wa Kiingereza akarudia hilohilo bila kushtuka. Baadaye Kaskazini wenyewe wakapita wakaitwa jina lao, kwa hiyo usiku ule kulikuwa na Korea Kaskazini mbili na Kusini haikuwepo kabisa! Thomas Bach, aliyekuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC), ikabidi ampigie simu Yoon Suk Yeol, rais wa Korea Kusini wakati huo, kuomba radhi. Na usiku huohuo pale Trocadéro bendera ya Olimpiki ikapandishwa kichwa chini, zile pete mbili za chini zikawa juu.

Mtu unaweza kusema ah, ulimi umeteleza, hata MC wa harusi anaweza kumwita bibi harusi jina la yule wa zamani. Sawa. Ila iliyoniuma mimi ni ya siku mbili baadaye, tarehe 28 Julai kule Lille, kwenye basketi. Sudan Kusini, majirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nchi iliyopata uhuru 2011 baada ya vita vya miaka na miaka, ndo mara ya kwanza wanacheza basketi ya Olimpiki, wamesimama mstari mmoja wanasubiri wimbo wao, unapigwa wimbo wa Sudan. Wa Khartoum. Yaani wimbo wa nchi ileile waliyomwaga damu ili waachane nayo. Wachezaji wanatazamana, wimbo ukakatwa, uwanja mzima ukaanza kuwapigia makofi, mpaka ukapatikana wa kwao ndo wakauimba. Halafu wakaingia wakaichapa Puerto Rico 90 kwa 79. Waandaaji wakasema ni kosa la kibinadamu, wakaomba radhi.

Na ukitaka kummaliza shemeji kabisa mwambie hii, kwamba London 2012 ilitokea kinyume chake. Tarehe 25 Julai, hata ufunguzi bado, pale Hampden Park mjini Glasgow wanawake wa Korea Kaskazini walikuwa wacheze mpira na Colombia, kwenye skrini kubwa zikatokea picha za wachezaji wao pembeni yake bendera ya Kusini. Wale dada wakaondoka uwanjani, hawakubishana na mtu, wakarudi ndani, na mechi ikachelewa zaidi ya saa moja mpaka hitilafu irekebishwe na radhi iombwe. Wakashinda 2-0. Sijui kwanini wanaokosewa heshima kabla ya mechi wanacheza vizuri hivi.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi nakimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji, ngazi ya mkoa tu. Mwaka huu kwenye mashindano msimamizi wa raundi alikuwa anaongea na simu, tukabishana kama tumebakisha moja au mbili. Nikamwambia, akaniambia kimbia wewe acha kelele. Je hata huko juu hutokea? Na ikitokea mkimbiaji anarudishiwa haki yake? – Chipukizi, Mbulu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hutokea, na kwenye mbio zako hizohizo. Olimpiki ya Los Angeles 1932, fainali ya viunzi na maji, wakakimbizwa raundi nzima ya ziada. Husimuliwa kuwa aliyekuwa anahesabu macho yake yalikuwa kwenye mchezo mwingine uliokuwa unaendelea uwanjani, kengele haikugongwa palipotakiwa, watu wakaendelea tu. Badala ya mita 3000 wakaenda kama 3460. Volmari Iso-Hollo wa Finland alikuwa mbele sana kwa hiyo yeye hakupoteza kitu, dhahabu yake akaichukua kwa dakika 10 na sekunde 33.4, muda ambao ukiutazama kwenye vitabu utadhani walikuwa wanatembea. Aliyeumia ni Joe McCluskey wa Marekani. Palipotakiwa kuwa mwisho yeye alikuwa wa pili, kwenye ile raundi ya bure Thomas Evenson wa Uingereza akampita, fedha ikageuka shaba, na ikabaki shaba mpaka leo.

Bendera ikigeuzwa watu wanacheka na kupiga picha, kesho inapandishwa vizuri maisha yanaendelea. Lakini hesabu na vipimo, hayo hayapigi kelele na hayarudishiki. Na nikikusimulia mengine utaona kitu, kwamba karibu kila mara wa kwanza kuona ni mwanamichezo mwenyewe, na karibu kila mara anaambiwa kama ulivyoambiwa wewe.

Sydney 2000, jimnastiki ya wanawake, fainali ya vifaa vyote. Kile kifaa cha kurukia kinatakiwa kiwe sentimita 125, wao walikifunga kwenye 120. Sentimita 5 tu, utasema si kitu, lakini yule binti anakuja mbio kali kabisa na mikono imezoea kugusa palepale maelfu ya mara, akikosa pale anaangukia shingo. Wakaanza kudondoka mmoja baada ya mwingine. Svetlana Khorkina wa Urusi, ambaye wengi walishampa dhahabu kichwani, akaanguka kwa magoti, akaenda kwenye kifaa kinachofuata kichwa kimeshavurugika akaanguka na huko. Wote walijiona wao ndo wabovu siku ile, mpaka alipofika Allana Slater wa Australia akasema jamani hiki kifaa kifupi. Wakaleta kipimo, kweli. Wakaambiwa anayetaka kurudia arudie, ila Khorkina arudie nini wakati alishaharibu na kifaa kingine kwa sababu ya kile cha kwanza? Hapo ndo haki inapokuwa ya karatasi.

Munich 1972 ndo ya kukatisha tamaa zaidi. Eddie Hart na Rey Robinson wa Marekani, wote wawili walikuwa wamekimbia mita 100 kwa sekunde 9.9, sawa na rekodi ya dunia wakati huo. Kocha wao alikuwa na ratiba ya zamani. Wako wanasubiri basi, wamepita kuangalia televisheni, wanaona watu wamejipanga kwa robo fainali ya mita 100, wanadhani ni marudio ya asubuhi, kumbe ni moja kwa moja na moja ya heat hizo, yaani mbio za mchujo, ni ya kwao. Wakakimbizwa na gari mpaka uwanjani, wamekuta zimepita. Mwenzao Robert Taylor aliwahi kwa sekunde tu, akavua suti akaingia kwenye mstari, siku iliyofuata akapata fedha nyuma ya Valeriy Borzov. Wale wawili hawakurudishiwa kitu.

London 2012 tena, Shin A-lam wa Korea Kusini kwenye mchezo wa vitara, nusu fainali na Britta Heidemann wa Ujerumani. Imebaki sekunde moja. Wanashambuliana, inabaki sekunde moja. Tena, inabaki sekunde moja. Sekunde hiyo haikuisha mpaka Mjerumani alipopata pointi. Kwa sheria zao ukiondoka jukwaani maana yake umekubali matokeo, kwa hiyo dada wa watu akakaa palepale analia peke yake karibu saa nzima huku wakubwa wanajadili. Wakaamua kashindwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako, mara chache sana. Nzuri ninayoikumbuka ni Tokyo, tarehe 26 Julai 2021, triathloni ya wanaume, ule mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia, honi imelia nusu wamejirusha majini na nusu wameshindwa kwa sababu boti ya wapiga picha imewaziba kwa mbele. Wasimamizi hawakubishana, wakawafuata waogeleaji waliokwisha kwenda, wakawarudisha wote, wakaanza upya ndani ya dakika chache. Basi. Kilichowezekana pale ni kwamba kosa lilionekana kabla mtu hajamaliza. Wewe siku nyingine mwambie kocha wako asimame karibu na huyo wa kuhesabu, na ahesabu kwa sauti.

SWALI: Mambo vipi mhariri, nafanya kazi ya pool kwenye hoteli huku Nungwi. Ile pool ya Rio iliyogeuka kijani, bosi wangu anasema ni mchezo wa kisiasa, mi nasema ni dawa. Nani mkweli? – Fundi wa maji, Zanzibar

JIBU: Poa fundi, ni dawa. Agosti 2016, kituo cha Maria Lenk, pool ya kupigia mbizi imelala bluu imeamka kijani kama mchuzi wa mchicha, halafu ya jirani yake nayo ikafuata. Mwanzoni maelezo yalikuwa yanabadilika kila siku, mara joto, mara watu wengi, mara alkalini imeshuka. Baadaye ndo wakasema kweli, kwamba mkandarasi alimwaga haidrojeni peroksaidi, lita 80, kwenye maji yaliyokuwa na klorini. Wewe unajua kinachofuata kuliko mimi, vile vitu viwili vinauana, klorini inakufa kazi, na mwani ukipata maji ya vuguvugu yasiyo na klorini haungoji mwaliko. Na mashine za kupima zilikuwa zinaonyesha klorini ipo, kwa hiyo waliamini mashine, macho yanaona kijani. Wapiga mbizi waliendelea kuruka humohumo. Ila wale wa kuogelea kwa mitindo lazima waonane chini ya maji, kwa hiyo pool yao ikamwagwa yote na kujazwa upya usiku kucha, karibu lita milioni 4, ikachotwa kutoka pool ya mazoezi. Mwambie bosi akununulie kipimo cha pili.

SWALI: Wewe unaongea waandaaji waandaaji, mbona husemi za kwetu? Rio 2016 nani alituaibisha, Wabrazili? – Mzee wa Iten

JIBU: Mzee hapo umenikamata pabaya, maana hapo Wabrazili hawahusiki hata kidogo. Julius Yego, bingwa wa dunia wa mkuki, anafika uwanja wa ndege Nairobi anaambiwa tiketi yake haipo. Bingwa wa dunia! Wakaenda viongozi na jamaa zao, yeye wa kurusha anatafutiwa nafasi. Alipofika akarusha mita 88.24 akaleta fedha. Nguo za timu zilizotolewa na mfadhili nyingine hazikuwafikia wanariadha, polisi wakazikuta kwingine. Kocha mmoja wa mbio fupi akarudishwa nyumbani baada ya kukutwa na kadi ya mwanariadha na kujifanya ndo yeye kwenye kipimo cha dawa. Na michezo ilipoisha kijiji cha wachezaji kikafungwa, kuna wanariadha wetu wakajikuta kwenye nyumba za ovyo wanasubiri ndege, picha tuliziona wenyewe mtandaoni. Kamati ikavunjwa na waziri, kesi zikaenda kortini mpaka kwa wakubwa wa wizara.

Na bado Kenya ilirudi na dhahabu 6 kutoka Rio, sawa na Beijing 2008 na zaidi ya Olimpiki nyingine yoyote iliyotangulia. Ndo maana sisi haturekebishi. Medali zikija tunasahau tiketi.

SWALI: Mhariri, mi naogopa AFCON 2027. Wazungu watatucheka. Kweli tuko tayari, au tutaaibika? – Mama Shabiki, Umoja, Nairobi

JIBU: Mama, hilo la kuchekwa lisikunyime usingizi, wao wenyewe wana yao. Chukua London 2012, kampuni ya ulinzi ya G4S imelipwa ilete walinzi zaidi ya elfu kumi, wiki mbili tatu kabla ya michezo ndo inasema watu hawatoshi, serikali ikaita wanajeshi 3500 zaidi, wengine likizo zao zikafutwa ili wakapekue mabegi getini. Atlanta 1996, madereva wa mabasi wameletwa kutoka miji mingine hawajui njia, wachezaji wanapotezwa, matokeo hayafiki kwa waandishi, mpaka Juan Antonio Samaranch, rais wa IOC wakati huo, kwenye kufunga, yeye aliyekuwa na kawaida ya kusema hii ndo michezo bora kuliko yote, safari hii akalikwepa lile neno.

Delhi 2010 ndo wengi wanaitumia kama mfano wa nchi zetu hizi kushindwa, Michezo ya Jumuiya ya Madola, na kweli ilikuwa balaa. Siku 12 kabla ya ufunguzi daraja la waenda kwa miguu pembeni ya uwanja mkuu likaanguka, wafanyakazi zaidi ya 20 wakaumia. Kesho yake vipande vya dari vikadondoka kwenye ukumbi wa kunyanyua vitu vizito. Vyumba vya wachezaji vimekutwa na uchafu wa binadamu na nyayo za mbwa juu ya vitanda. Maofisa watatu wa Uganda wakaumizwa na kizuizi cha getini kilichogonga gari lao. Lakini tarehe 3 Oktoba ikafunguliwa, ikachezwa ikaisha, na Kenya ikatoka na dhahabu 12. Kwa hiyo daraja kuanguka hakuna maana huwezi, kuna maana ulichelewa kuanza ukamalizia kwa haraka haraka.

Mimi kinachonitia wasiwasi kwetu sio majengo, ni mageti. Tuliona wenyewe CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani ya Afrika, Agosti 2025 pale Kasarani, watu wasio na tiketi wamevunja wameingia, wenye tiketi wamebaki nje na watoto wao wanapigwa mabomu ya machozi, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikatoa faini na kupunguza idadi ya mashabiki uwanjani katikati ya mashindano. Hiyo ndo ya kushughulikia. Na usidhani ni sisi tu, Paris 2024 siku ya kwanza kabisa ya mpira wa wanaume, Argentina na Morocco mjini Saint-Étienne, tarehe 24 Julai. Argentina wamesawazisha dakika ya 16 ya nyongeza, mashabiki wakashuka uwanjani, makopo na fataki zinaruka, wachezaji wakakimbilia ndani. Kila mtu akajua imeisha 2-2, runinga zikaandika hivo, watu wakaenda zao. Kumbe haijaisha! Karibu saa mbili baadaye wachezaji wanaitwa warudi, uwanja mtupu, refa anaenda kutazama VAR, lile bao ni offside, limefutwa, wanacheza dakika tatu na kitu hivi na Morocco wanashinda 2-1. Mtu alilala kwa sare akaamka kafungwa.

Unachoweza kufanya kama shabiki, mama, ni kuwasumbua wabunge na mashirikisho sasa hivi waijaze mechi ya derby uwanja mzima kama majaribio, geti kwa geti, tiketi za simu kwa tiketi za simu, waone foleni inakwama wapi, vyoo maji yanakatika saa ngapi, taa zikizima jenereta inawaka baada ya muda gani. Na yule kijana wa kujitolea anayesimama getini apewe namba ya simu ya mtu mmoja anayeweza kusema simamisha, na huyo mtu apokee. Pale getini yeye ndo wa kwanza kuona, kama yule binti wa Australia na kifaa chake.

SWALI: Fupi tu. Eti medali za Paris zinababuka? – Msusi, Tabora

JIBU: Kweli dada, hasa za shaba. Nyjah Huston wa skateboard alionyesha yake imechujuka siku chache tu baada ya kuvishwa. Ndani zina kipande cha chuma cha Mnara wa Eiffel, gramu 18, hicho hakina neno, tatizo ni rangi ya juu. Wameanza kubadilishiwa na kiwanda cha sarafu cha serikali ya Ufaransa, zinachongwa upya zilezile. Kama unayo moja kabatini, peleka.